Nakala Zote Nne

Walikutana kwenye foleni ya lifti, asubuhi ambayo jengo zima la utafiti lilikuwa limechelewa kazini. Binti wa maabara alikuwa amekumbatia trei ya majani ya viazi, koti lake jeupe lina doa la kijani. Mtakwimu wa ghorofa ya tatu, shati la bluu limenyooka kwa pasi, akamgonga. Majani chini!

"Samahani, dada."

"Samahani itaokota?"

Akaokota yeye. Tangu siku hiyo akawa anamwita "Kiazi changu", naye anaitwa Kikokotoo, na sasa wajomba zake walikuwa waje Jumamosi kwa kina binti kuposa.

Alhamisi mambo yakaharibika. Mkurugenzi aliitisha kikao aamue kama wakulima waache kupiga dawa ya ukungu. Binti akasimama, gauni la zambarau limemkaa sawasawa. Amepima mimea, akasema, na jeni ya kinga dhidi ya ukungu imeenea: nakala arobaini na tatu kwa kila mia.

"Hapana. Ni ishirini na tano," ikasema sauti nyuma. Kikokotoo! "Umepiga hesabu ya binadamu, mwenye nakala mbili za kila jeni. Kiazi kina nne. Kipimo kinaonyesha jeni ipo, hakisemi ipo mara ngapi."

Watu wote wakageuka kumtazama binti. Uso ulimwaka. Yaani mchumba wake mwenyewe ndiye wa kumvua nguo hadharani!

Jioni, akiwa bado maabara, alipokea simu ya Kikokotoo shingo upande.

"Waambie wajomba zako wasije."

"Kiazi, nilipoiona hesabu yako asubuhi nilikupigia, hukupokea."

"Si ungesubiri tutoke?"

"Mkurugenzi alishashika kalamu! Wakulima wangeacha dawa, ukungu ufagie mashamba. Mama yako halimi viazi?"

Mama. Hakuwa amemfikiria kabisa, na hilo likamuuma kuliko aibu. Akakata simu.

Akarudi kwenye kompyuta, akatoa mbili, akaweka nne. Ishirini na tano. Akarudia. Ishirini na tano. Ole wake! Amemfukuza mtu kwa kusema kweli. Akapiga simu: inatumika. Akapiga tena: inatumika. Moyo ukamlipuka. Anaongea na nani saa hizi kama si wajomba?

Akavua viatu, akapanda ngazi mbio. Kikokotoo alikuwa mlangoni pa ofisi yake, begi begani, macho mekundu, simu sikioni.

"Ndiyo, mjomba. Basi naomba Jumamosi msi..."

Binti akampokonya simu. "Shikamoo, mjomba. Jumamosi mje, tunawasubiri." Akaifunika kwa kiganja, anahema. "Hesabu nilikosea. Lakini na wewe ulinikosea, kunisema mbele za watu."

"Nilikukosea. Nisamehe, mpenzi."

"Unanipenda?"

"Kwani huoni?"

"Naona upo. Sijui upo mara ngapi."

Kikokotoo akacheka, machozi yakimtoka. "Zote nne, Kiazi changu. Zote nne."

Kwenye simu, mjomba alikuwa bado anauliza wafike saa ngapi.