Tisini na Saba Iliyorukwa

Kila alasiri, baada ya kufagia nywele zilizotapakaa sakafuni katika saluni ya mama yake, Kikokotoo alivuta kigoda karibu na ndoo ya maji akafanya hesabu. Darasani, hakuna aliyemwita kwa jina jingine. Wiki ile mwalimu wao alimpa namba 9,991 aichunguze. Je, ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe? Ikithibitika, ingeandikwa kwa rangi kwenye ukuta wa darasa pamoja na jina lake. Ukuta ulikuwa bado mtupu.

"Jaribu namba tasa zote zilizo chini ya mia," mwalimu alimwelekeza. "Hizo zikishindwa kuigawa, hakuna nyingine itakayoweza."

Kikokotoo alianza na mbili, akapanda ngazi kwa ngazi. Kila mara kulibaki kitu. Alipomaliza themanini na tisa, mkono ulikuwa umekufa ganzi.

"Mwanangu, lete maji," mama akaita. "Mteja wangu ana povu machoni, atanipofukia hapa."

Ilibaki tisini na saba peke yake. Kikokotoo akakunja karatasi. Namba nyingine zote zimeshindwa, hii moja itafanya nini?

Ijumaa asubuhi, Domo, msichana aliyekaa naye dawati moja, alimkazia macho.

"Umejaribu zote?"

"Zote."

"Hata zile kubwa kubwa?"

"Nimekwambia zote. Kwani wewe mkaguzi?"

"Haya, bibi hesabu. Usinimeze."

Lakini lile neno "zote" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mwalimu alikuwa ameshafungua kopo la rangi. Kikokotoo akachukua penseli, akagawa harakaharaka. Tisini na saba iliingia mara mia moja na tatu. Hakikubaki kitu.

Hakuna mwingine aliyejua. Angefunga mdomo tu, jina lake lingekauka ukutani.

"Kikokotoo, njoo utuambie," mwalimu akasema.

Akasimama mbele. "Mwalimu, 9,991 si namba tasa. Ni tisini na saba mara mia moja na tatu. Nilimwambia mwenzangu nimejaribu zote. Nilidanganya. Ya mwisho niliiruka."

"Kumbe nilikuwa mkaguzi kweli," Domo akanong'ona, na vicheko vikapasuka.

Mwalimu alizidisha ubaoni, tarakimu kwa tarakimu, kisha akaweka chaki chini.

"Sikilizeni. Kazi iliyobaki kidogo haijaisha, na mvivu hukamatwa hapo hapo kwenye kidogo. Lakini mtu anayebomoa jibu lake mwenyewe mbele ya watu kwa sababu si la kweli, huyo ndiye nitakayemkabidhi hesabu yoyote nikalala usingizi. Shika brashi, binti yangu. Ukweli nao tumeuthibitisha."

Kikokotoo akaandika ukutani kwa tarakimu pana, kifua mbele: 97 × 103 = 9,991.