Visanduku Vyote Vikawa Vyekundu

"Sikusikii, Bwanaheri, na wala sitaki—"

"Basi nyamaza unisikie—"

"—Mwanahawa alikuwa anatafuta nini mezani kwako? Kaegemea kiti chako, kidevu begani—"

"Si begani. Alikuwa anaangalia kompyuta."

"Muuza khanga. Anaangalia kompyuta."

"Ndiyo."

"Siku hizi kompyuta inauza khanga?"

Bwanaheri akakwangua meza kwa kucha. Nje ya ghala la ufuta, pale Ikwiriri, wapagazi walikuwa wanapakia lori na kujifanya hawasikii. Semeni akavuta mtandio wake wa kijani, akaurusha begani, akatoka viatu vikigonga sakafu. Ijumaa washenga wa Bwanaheri walitakiwa kwenda kwa shangazi yake Semeni, Kibiti, kumposa, na mpaka dakika hiyo hakujua awaache waje au awaambie wabaki kwao.

Walikutana stendi, mwaka ule daraja jipya limefunguliwa na mabasi ya kusini yanashindana kwa honi. Semeni kashuka kutoka Dar, fundi wa kompyuta mpya kabisa, sketi ya jinzi mpaka kwenye visigino. Mara akaona kijana mtanashati, shati limepigwa pasi likanyooka kama karatasi, anaondoka na begi lake la kijani.

"Kaka, hilo begi langu."

"Langu hili, dada. Jekundu."

"Hilo ndiyo jekundu?"

Kijana akalitazama begi, akamtazama yeye, akatabasamu. "Basi nimekosea begi. Mwenye begi sijamkosea."

Semeni alilicheka jibu lile wiki nzima. Sasa alipolikumbuka aliona ni jibu la mwizi mzoefu.

Maana kulikuwa na jingine. Kampuni ilimleta atengeneze programu. Mkulima analeta gunia, kipimo kinapima unyevu, na kwenye kioo cha ile kompyuta yenye chogo kinatokea kisanduku. Kijani, ufuta mkavu, unanunuliwa. Chekundu, ufuta mbichi, rudi ukaanike. Semeni alijigamba nayo mbele ya bosi: "Hata asiyejua kusoma ataelewa." Karani wa kukaa mbele ya kioo akawa Bwanaheri. Na bado magunia mabichi yakapita, yakavundia ghalani.

Bosi wao, mzee Muhidini, alimwita pembeni. "Huyo mchumba wako anakula hongo na nani? Nijue kabla ya Ijumaa. Nisipojua, namfukuza."

Kaka yake Mwanahawa analima ufuta Mahege. Semeni akajumlisha mwenyewe, jumla ikamchoma.

Asubuhi iliyofuata ugomvi wao, ghala halijafunguliwa, aliingia kwenye programu akaichezea. Kila kisanduku, gunia liwe kavu liwe bichi, kitoke chekundu. Karani mwaminifu ataruka kitini aseme kompyuta imeharibika. Anayekula na watu atapitisha wa kwake. Kisha akajibanza nyuma ya rundo la magunia na gauni lake la maua, punje zikimwingia mpaka kwenye viatu.

Bwanaheri akakaa. Hakuruka. Kikatokea kisanduku chekundu. Akatia punje mdomoni, akatafuna. "Pita, mzee." Kikatokea chekundu kingine, akatafuna. "Hapana, mama, kaanike kwanza."

Semeni akauma mdomo. Anachagua watu mchana kweupe.

Foleni ikarefuka, watu wakaanza kunung'unika. Bwanaheri akatoa simu, akabipu, akapigiwa.

"Dada, njoo mara moja. Kabla mwenyewe hajafika."



Mwanahawa akaja na harufu yake ya udi, mwanamke wa makamo, khanga za kuuza kazitundika begani. Akainama mbele ya kioo.

"Leo mmelogwa nyie. Vyote vyekundu."

"Hata gunia la kaka yako?"

"Hata lile. Mrudishie, asikuzoee." Akamgeukia. "Hivi huoni kabisa?"

"Si nilikuambia. Kwangu nyekundu na kijani ni tope lilelile. Nimezaliwa hivi, kama mjomba wangu. Nikiwa na nafasi naonja. Watu wakijaa na wewe hupo, nabahatisha."

"Mwambie mchumba wako."

"Nimwambie nini? Kwamba kazi anayojivunia, mimi ndiye siioni? Kwao watasema anaolewa na kipofu."

Semeni akasimama. Ufuta ukamwagika kutoka kwenye gauni.

"Mtandio wangu wa jana ulikuwa rangi gani?"

Sasa ndiyo Bwanaheri akaruka. "Ule? Ule... unakupendeza."

"Rangi, Bwanaheri."

"Rangi inayokupendeza."

Mwanahawa akacheka mpaka khanga zikadondoka. Semeni hakucheka. "Na khanga ulizoniletea siku ya Idi?"

"Nilichagua mimi," Mwanahawa akasema. "Yeye alinieleza tu anayevaa anachekaje, anatembeaje, akikasirika anafanyaje. Nikajua ipi."

 Semeni akavuta kiti. "Sogea, laazizi."

Akarudisha programu kama ilivyokuwa. Kwenye kisanduku cha ufuta mkavu akatia alama ya vema na neno KAVU. Cha mbichi akakikata mistari miwili kona kwa kona, akaandika MBICHI. Kisha akafuta rangi zote, pakabaki nyeusi na nyeupe.

"Soma."

"Kavu. Mbichi. Kavu. Kavu." Bwanaheri alisoma polepole, halafu haraka, halafu akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Haya, nani anakula na nani?" Mzee Muhidini alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Hakuna, mzee. Kosa langu. Nilitengeneza kwa macho yangu peke yangu, sikumuuliza atakayekaa hapa anaona nini." Akamweleza.

Mzee akakitazama kioo, akamtazama Bwanaheri, macho bado kayafinya kwa shaka. "Wiki hii nitafungua magunia mwenyewe. Haya, foleni hiyo."

Alipoondoka, Bwanaheri akamwinamia Semeni. "Na Ijumaa? Washenga waje?"

 Semeni alimgeukia Mwanahawa, aliyekuwa amepiga magoti anaokota khanga zake.

"Dada Mwanahawa."

"Abee."

"Harusi yangu haina kungwi. Nataka uwe wewe."