Mama Mkwe Juu ya Sitaha

Risasi ya kwanza iling'oa taa ya pikipiki.

Ya pili ilipita karibu na sikio la Wanzagi, ikamnong'oneza neno ambalo hakulipenda.

Akainama. Akakaza mkono. Ile BSA ikanguruma kama simba aliyenyimwa nyama, na vumbi la barabara ya kutoka Bunda likamjaa kinywani hata akawa anaitafuna Tanganyika yenyewe.

Mbele yake ilikimbia Land Rover ya kijani. Usukani alikuwa nao Florian, mtu mrefu mwenye kofia ya majani, aliyejitambulisha kote Mara kuwa ni mpiga picha wa magazeti ya Ulaya. Magazeti gani, hakuna aliyeyaona. Nyuma alikuwa amepakia magunia ya pamba. Katikati ya pamba ile ilikuwamo dhahabu, wizi wa miezi kutoka machimboni.

Na Wanzagi alikuwa askari kanzu, polisi asiyevaa sare. Hana beji, hana kitambulisho, hana hata kofia ya serikali. Ana bastola ya Webley kiunoni na redio iliyofichwa ndani ya kopo la samli.

Akalifungua kopo kwa meno.

"Boma, Boma, hapa Kenge."

"Sema, Kenge." Nyuma ya sauti ilisikika chai ikikorogwa. Mkubwa wake alikoroga chai tangu asubuhi mpaka magharibi, ndiyo maana mji mzima wa Musoma ulimwita Bwana Kijiko, ila si mbele yake.

"Namwona mwizi. Tairi lake liko mbele ya bastola yangu. Naomba ruhusa nipige, Bwana."

"Subiri. Lazima nipige simu Mwanza."

"Bwana, nikisubiri ataingia mjini!"

"Kuna utaratibu, Kenge. Subiri."

Kijiko kikaendelea. Ting, ting, ting.

Wanzagi akafunga kopo. Akachomoa Webley. Potelea mbali! Akalenga tairi la nyuma, akavuta pumzi, na hapo ndipo kwenye njia panda ya Butiama lilipochomoza lori limejaa wanawake waliovaa njuga miguuni, wanaimba mpaka miti inaitikia.

Aliyeongoza wimbo alikuwa na sauti nene, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni.

Wanzagi aliijua sauti ile.

Alikuwa Bhoke. Mama mzazi wa mkewe.

Usicheke. Mtu wa pwani hawezi kuelewa. Kwa watu wa Wanzagi, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Wakikutana njiani, huyu anarukia kichaka cha kushoto na yule cha kulia, na anayechelewa kuruka amemvua mwenzake nguo mbele ya ukoo. Tangu amwoe Mbuke, Wanzagi alimjua mama yule kwa sauti tu, kupitia ukutani.

Basi mkono ukageuka wenyewe. BSA ikaacha barabara, ikavuka mtaro, ikazama katikati ya shamba la muhogo. Tairi lake mwenyewe ndilo lililopasuka.

Florian aliona yote kwenye kioo. Akapunguza mwendo, akamuuliza dereva wa lori yule wa pikipiki amekimbia nini, kisha akacheka. Alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba ya jirani.

Wanzagi alilala kifudifudi kwenye muhogo, akalisikiliza lori likipita. Asubuhi ile ile Mbuke alikuwa amemwambia, "Mama anaenda kuimba kwenye meli ya wazungu. Umlinde."

"Nitamlindaje mtu nisiyeruhusiwa kumwona?"

"Hiyo kazi ni yako, si yangu. Mama niliye naye ni mmoja."

*

Meli yenyewe iliitwa Korongo. Ilikuwa ya jeshi la majini, ya kuwafundishia vijana ubaharia, yenye milingoti mitatu na matanga meupe kama shuka za misheni. Waliileta Kisumu vipande vipande kwa treni, wakaiunga kama kitanda, wakaizungusha ziwa zima kutafuta urafiki. Entebe walipiga bendi. Bukoba walikula ndizi. Mwanza, Kapteni alicheza ngoma hadi akapoteza kiatu. Sasa ilitia nanga Musoma, na wenyeji walialikwa kupanda, kuimba, kunywa chai na kusikia mzinga wa salamu.

Wanzagi alifika ufukweni akiwa amedandia mkokoteni wa ng'ombe. Hamduni, fundi cherehani aliyekuwa pia na mtumbwi, akamtazama majani ya muhogo kichwani.

"Ehee! Askari kanzu bila kanzu. Umetoka kulima?"

"Hamduni, nipeleke melini. Mpiga picha amepita hapa?"

"Kapita na boti ya injini, kajaza magunia ya pamba. Kaifunga nyuma ya meli. Nikamuuliza, pamba ya nini kwenye sherehe? Akasema ya masikio, mzinga ukilia."

"Piga kasia!"

"Napiga! Ila nikwambie, mwanamke wa Butiama anaimba mle, sauti yake inatikisa madirisha ya boma. Ni nani yule?"

"Ni mkwe wangu."

Kasia likasimama hewani. "Na wewe unaenda huko huko? Pole sana, ndugu yangu. Afadhali ungeenda kwa mamba."

Ngazini alisimama mwanamaji mwenye kidevu kama nyundo. Kadi ya mwaliko? Hana. Kitambulisho? Hana. Mwanamaji akaonyesha kidole ufukweni. Basi Wanzagi akazunguka ubavu wa pili, akapanda kwa mnyororo wa nanga, mkono kwa mkono. Kopo la samli likamponyoka. Chubwi. Webley ikafuata. Chubwi.

Aliingia sitahani akiwa amelowa, mikono mitupu.

Na Florian alikuwa anamngoja.

"Huyu hapa!" Florian alipaza sauti kwa Kiingereza, kamera shingoni, kadi ya mwaliko yenye ukingo wa dhahabu mkononi. "Mwizi wa kamera! Tangu Bunda ananifuata!"

Wanzagi akasema kweli. Akaisema kwa Kiswahili, akaisema kwa Kiingereza cha darasa la nane. Lakini kadi ilisema zaidi. Mabaharia wanne wakambeba kama gunia la dagaa, wakamfungia kwenye stoo ya matanga chini ya sitaha. Palikuwa na kidirisha kimoja cha nondo, usawa wa miguu ya wageni.

Mara kofia ya majani ikainama kidirishani.

"Unaona lile sanduku la kamera? Pale, chini ya benchi." Florian aliongea Kiswahili kizuri, jambo lililozidi kuudhi. "Ndani hamna kamera. Kuna baruti, na saa niliyoitega pamoja na mzinga wa salamu. Ngoma ikiisha, mzinga ukilia, sanduku linaitika. Watasema makadeti walikosea baruti. Boti ya doria itahangaika kuokoa watu, nami nakwenda zangu na pamba."

"Kuna watoto wa shule humu!"

"Na kuna mama mkwe wako. Benchi nimemchagulia mimi mwenyewe." Akatabasamu. "Ukimwita, umemvunjia heshima. Ukinyamaza, atavunjika mwenyewe. Kwaheri, bwana muhogo."

Kofia ikaondoka.

Wanzagi akasukuma mlango. Ulikuwa wa mvule. Akaupiga bega, na bega likaumia. Akavuta nondo. Zilikuwa za Uingereza.

Akapiga kelele. Bendi ikapiga zaidi.

Kadeti mmoja, kijana mwenye masikio mekundu, akapita karibu. Wanzagi akamshika suruali. "Bomb! Under bench!"

Kijana yule alikuwa amefundishwa kutabasamu katika kila bandari. Akatabasamu. Tarumbeta zilivuma juu yao. Akaingiza mkono mfukoni, akampa Wanzagi biskuti.

"No! Bomb!"

Kadeti akatikisa kichwa kwa huruma, akamletea ya pili.

Wanzagi akabaki ameshika biskuti mbili, anaitazama miguu. Mbele yake makadeti walikuwa wanaushindilia mzinga. Mmoja akafuta mdomo wa chuma kwa kitambaa, taratibu, kama mama anayefuta pua ya mtoto. Upande wa pili watoto wa shule walikaa wamekunja mikono, wamevalishwa viatu vya kuazima. Na juu ya lile sanduku, njuga zilikuwa zinalia. Bhoke alikuwa ameketi, anaongoza wimbo wa mwisho, na kila alipokanyaga, kisigino chake kiligusa mkanda wa sanduku.

Hakuna silaha. Hakuna redio. Hakuna ruhusa ya Mwanza.

Akatafuta mwanamke mwingine wa kumwita. Mwisho wa benchi alikaa mama mmoja mwembamba. Akafurahi, kisha akamtambua kwa kovu la mguuni: Robi, mdogo wake Bhoke. Naye ni mkwe. Aliyefuata alikuwa shangazi wa Mbuke. Mkwe. Aliyemfuata, mke wa baba mdogo. Mkwe! Ukoo mzima ulikuwa umekuja kuimba. Benchi zima mkwe mtupu.

Akaketi juu ya matanga yaliyokunjwa. Machozi yakamtoka, na sitaona haya kuyataja, kwa kuwa mwanamume aliyefungwa karibu na msiba wake, anauona, anausikia ukiimba, naye hana mkono wa kuufikia, hana kitu kingine cha kutoa. Aliwaza nyumbani. Aliuona uso wa Mbuke ukiuliza. *Ulikuwa wapi?* Hapo hapo, mke wangu. Hatua mbili. Nikila biskuti.

Wimbo ukapungua. Kapteni akatazama saa yake. Kadeti akawasha utambi.

Mkwe akikuona anafanyaje?

Wanzagi akainua kichwa polepole.

Anakimbia.

Mbwa mwitu hawamkimbizi mtu hivyo, wala moto, wala Mjerumani wa zamani. Mkwe akikuona anakimbia, na hakuna aliyezaliwa wa kumzuia.

Akajifuta uso, akausukuma kati ya nondo mpaka mashavu yakabanwa, na akafanya jambo ambalo katika ukoo wake hakuna aliyewahi kulifanya.

"Mama Bhoke! Mama wa Mbuke! Inama unione!"

Wimbo ukakatika katikati ya neno.

Bhoke akainama. Macho yakakutana na macho. Alikuwa na macho ya Mbuke, yale yale, makubwa, na ndani yake Wanzagi aliona hofu ambayo baruti isingeweza kuileta.

"Mimi Wanzagi, mkweo. Nakuona. Na Robi nakuona. Nyote nawaona!"

"YUWII! MKWE!"

Lo! Khanga zikafunika vichwa. Benchi likapinduka. Wanawake wote wa Butiama wakainuka kwa mara moja kama kanga waliotupiwa jiwe, vipofu chini ya nguo zao, wakakimbilia upande wa nyuma. Mguu wa Bhoke ulinasa mkanda wa sanduku. Akaurusha mguu. Na kwa kuwa makadeti walikuwa wamesugua sitaha ile kwa sabuni wiki nzima ili Musoma iwapende, sanduku liliteleza kama sato kwenye mkono wa mtoto, likapita chini ya mzinga, likapita katikati ya miguu ya Kapteni, likatoka kwenye uwazi wa kutolea maji.

Chubwi ya tatu siku ile.

Mzinga ukalia.

Ziwa likaitika.

Maji yalipanda juu kuliko mlingoti wa kati. Kilima cha Mukendo kikarudisha mwangwi. Kisha samaki wakaanza kunyesha, furu, na ningu, na kamongo mmoja mkubwa aliyetua begani kwa Kapteni akalala pale kama cheo kipya. Watoto wa shule wakapiga makofi. Walidhani ndiyo sherehe.

Wanawake hawakusubiri kuona. Walifika ukingo wa nyuma, mkwe yuko nyuma yao, wakachungulia chini ya khanga, wakaona boti yenye magunia laini. Wakaruka. Mmoja, wawili, wote. Florian alikuwa ameinama anawasha injini. Alisikia njuga angani, akatazama juu.

Bhoke hakuwa mwembamba.

Boti ikadidimia mpaka ukingoni, maji yakaingia, na pamba ya Bunda ikafanya kazi yake ya asili: ikanywa. Ilikunywa mpaka injini ikazima. Boti ya doria ilipofika ilikuta magunia mazito kama mawe, wanawake waliojifunika vichwa, na chini kabisa mpiga picha anayeomba kukamatwa haraka.

*

Bwana Kijiko alikuja ufukweni mwenyewe, anahema, kikombe bado mkononi.

"Kenge! Mwanza wamejibu. Ruhusa imepatikana. Unaweza kulipiga lile tairi."

"Asante, Bwana," alisema Wanzagi, aliyekuwa ndiyo kwanza ametolewa stoo.

Kapteni alipewa shada la maua kwa kuokoa watoto. Wanzagi hakualikwa, hakuwa na kadi. Alibaki na biskuti mbili zilizolowa. Moja akampa Hamduni.

"Umemtazama mkweo usoni," Hamduni alisema, anatafuna. "Mbele ya serikali."

"Najua."

"Mbuke atasikia kabla hujafika."

"Najua, Hamduni."

Kesho yake alipanda njia ya Butiama kwa miguu, anavuta kondoo jike mweupe wa kufuta aibu. Alifika kwenye boma la wakweze, akasimama nje ya ua wa miti ya minyaa, akavua kofia, akageuza mgongo, akamsukuma kondoo aingie. Akangoja. Kama kondoo angetolewa nje, basi na Mbuke angerudi kwao.

Kisha njuga.

"Wewe kondoo," ilisema ile sauti nene yenye mkwaruzo, nyuma ya minyaa. "Mwambie aliyekuleta, macho yake hayana adabu."

Wanzagi akafumba macho.

"Lakini mwambie nimeambiwa kilichokuwamo ndani ya sanduku. Na mwambie kondoo mmoja hatoshi. Wakwe zake tulikuwa wengi kwenye lile benchi."

Wanzagi akamtafuta wa kumtuma, hakuona mtu wala mnyama. Mwishowe akaongea na mti.

"Wewe mnyaa, mwambie mama shikamoo."

"Marahaba, mnyaa."

Akavaa kofia yake, akaisogeza upande kidogo, akatia mikono mfukoni na kuteremka kilima polepole, anapiga mluzi, bila kugeuka nyuma hata mara moja.