Gunia Ndani ya Kalavati

Kila Jumatatu nililoweka gunia la ulezi. Ulezi ukiota, unakuwa kimea cha kupikia kimpumu, pombe yetu ya kienyeji. Wenzangu waliloweka mtoni. Mimi magoti yalikataa safari hiyo. Nililisukuma gunia langu kwenye kalavati, lile bomba la kupitisha maji ya mvua chini ya barabara. Palikuwa na ubaridi, palikuwa na maji, na mwizi hakuwaza kuchungulia humo.

Kalavati lilikuwa mbele ya nyumba ya jirani yangu, Mwasiti.

Januari 1974 ilinyesha mvua kubwa hapa Tunduma. Maji yalishindwa kupita. Yakaingia kwa Mwasiti. Ukuta wake wa matofali mabichi ukapasuka mpaka dirishani.

"Bibi Tabita," akaniambia, "ikija mvua nyingine kama hii, nyumba itatuangukia mimi na wanangu."

"Pole, mwanangu. Ni hawa watu wanaotupa takataka," nikasema. Nilivaa uso wa kanisani.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Osea, akamleta Raphaeli, fundi wa wilaya. Raphaeli akaingiza jembe kwenye kalavati, akavuta. Likatoka gunia lenye mizizi kama ndevu za beberu.

"La nani hili?" akauliza Osea.

Wote wakanitazama mimi.

"Labda la wale Wazungu walioweka bomba hili zamani," nikasema.

"Kumbe Wazungu nao wanapika kimpumu, bibi?" akauliza Mwasiti.

Watu wakacheka.

"Gunia limeziba njia," akasema Raphaeli. "Lakini hata bila gunia, hili bomba limechoka." Akalibonyeza kwa kidole. Kidole kikapenya! "Mmeona? Ni mapipa ya mafuta yaliyounganishwa. Kutu imeyala. Tena zamani hapa palikuwa na nyasi, zikinywa maji. Leo ni mabati na nyua ngumu. Maji yote yanakimbilia hapa. Tusizibe matobo. Tuling'oe, tuweke mabomba mapana ya zege."

"Wilaya italeta mabomba," akasema Osea. "Sisi tutachimba. Na wewe, bibi, utabeba mawe."

Nikabeba. Nilichagua madogo, lakini nilibeba.

Mvua ilitupa nafasi ya siku tano. Tulichimba kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Raphaeli alipima kwa kamba ili mabomba yateremke kuelekea bondeni. Mawe tuliyapanga mdomoni mwa mabomba, maji yasile udongo. Tukakubaliana kuzoa matope kila Jumamosi.

Siku ya sita mvua ikarudi, kubwa kuliko ile ya kwanza. Nilisimama mlangoni, moyo juu. Maji yakaingia upande huu, yakatokea upande ule, yakashuka bondeni. Kwa Mwasiti palikuwa pakavu.

Asubuhi Mwasiti alinijia na karai kubwa kichwani.

"Nimelala mpaka jua limetoka, bibi," akasema. "Haya, loweka humu. Kalavati tuliachie maji."

Mwislamu yule, hata harufu ya kimpumu haipendi. Na karai lake ninalo hadi leo.