Kuku Watano wa Mzee Ayoubu

Soko la Kasongo lilikuwa limejaa hata baiskeli zilipita kwa kubebwa begani. Upande wa kuku, Soraya aliinama akamshika jogoo mwekundu miguu, na papo hapo mkono mwingine ukamshika mbawa. Ulikuwa mkono wa kijana mrefu mwenye aproni ya buluu na kitambaa cheupe kilichofungwa kichwani.

"Dada, huyu nilimuona tangu jana," kijana akasema.

"Kama ulimuona jana, mbona amelala sokoni?"

Muuzaji akacheka. Kijana akaachia mbawa. Aliitwa Lukumani, wa ukoo wa wafanyabiashara wa hapo mjini. Soraya alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Wamaza, aliyekuja kununua madaftari. Alivaa kitenge cha kijani chenye maua ya manjano, na mtandio wake mweupe haukuwa na doa, ingawa alikuwa ametoka mbali kwa pikipiki. Lukumani aliutazama ule mtandio, kisha akamwomba mwenye nao aje aone kuku wa Kasongo wanakopelekwa.

Mgahawani kwa Lukumani palikuwa na meza moja ndefu ya mbao ngumu, viti virefu vinane, na jiko jembamba la chuma lenye makaa mekundu. Mchomaji alikuwa yeye mwenyewe, akisimama nyuma ya jiko, uso kwa uso na wageni. Lukumani alikuwa ameishi Japani miaka minne. Huko aliingia mara ya kwanza katika mgahawa wa yakitori, yaani kuku wa kuchomwa kwenye vijiti, akiwa mgeni asiyejua hata neno moja. Alioneshwa kiti, akaletewa kijiti kimoja kimoja: paja, ngozi, ini, mioyo. Alikula vijiti kumi na viwili. Kesho yake alirudi kuomba kazi ya kuosha vyombo, na siku alipoondoka nchi ile alikuwa mchomaji kamili.

Soraya alionja, akafuta vidole.

"Hii ni nini?"

"Shingo."

"Shingo ya kuku iko na nyama namna hii?"

"Iko, kama mutu anajua kisu."

Tangu siku hiyo simu haikupumzika. Kila shule ilipofungwa, Soraya alipanda kichuguu nyuma ya madarasa kutafuta mtandao. Yeye alimwita Bwana Vijiti. Naye aliitwa Mwalimu Wangu, na mara nyingi aliulizwa kama ameshakula, na kama kuna mwanamume mwingine wa kumbebea madaftari.

Mwezi wa tano, baba yake Soraya, Mzee Ayoubu, alikuwa analeta mpunga Kasongo. Soraya alitaka amwone Lukumani kabla wazee hawajatumwa kuposa. Akamwambia Lukumani waziwazi kwamba baba akikataa, yeye hatatoroka nyumbani ili aolewe.

Siku hiyo Lukumani alifunga mlango kwa wateja wote, akachinja kuku watano. Mzee Ayoubu aliingia na kanzu na koti lake jeusi, akapanda kiti kirefu kwa taabu. Vijiti vikaanza kuja. Kimoja kilikuwa na mioyo mitano, kingine firigisi tano. Mzee alikula huku akitazama kila kijiti. Kwao Wamaza, upande wa Kabambare, mgeni wa heshima huoneshwa kuku wake akiwa hai, kisha kuku huyo hurudi kwenye sahani akiwa mzima, na kichwa chake na miguu yake, ili mgeni ajue kwamba hakuna aliyetangulia kumla.

"Kuku wangu iko wapi?" Mzee akauliza mwishowe.

Lukumani akatabasamu kwa fahari. "Hii ni ya kuku watano, baba."

Mzee aliweka kijiti chini, akanawa, akashukuru, akatoka. Soraya alimfuata bila kugeuka.

Kesho yake Soraya alipiga simu yeye mwenyewe.

"Umemlisha baba yangu mabaki ya kuku watano."

"Nimechinja watano kwa ajili yake."

"Hakuona hata mumoja."

"Watu wanatoka Kindu kuja kula kwangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kichwa."

"Basi oa hao watu wa Kindu."

Wiki tatu zikapita. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kupiga. Lukumani aliunguza vijiti, jambo ambalo halikuwahi kumtokea. Mwishowe alimweleza mama yake yote, akitumaini atatetewa. Mama alisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: vile vichwa vilikwenda wapi?

"Niliwapa mbwa," Lukumani akajibu, na aliposikia maneno yake mwenyewe akainama.

Asubuhi ya siku ya soko, siku ya mapato makubwa, alifunga mgahawa. Alifika Wamaza kwa pikipiki, jiko na mfuko wa makaa vimefungwa nyuma yake. Alinunua kuku kwa jirani, akamshika kwa mikono miwili mbele ya Mzee Ayoubu.

"Baba, kuku wako ni huyu."

Alimchinja hapo uani, akamkata polepole huku akitaja kila kipande, na watu wakajaa kutazama. Moyo ulikaa peke yake kwenye kijiti. Vijiti vyote alivipanga kwenye sahani moja, pamoja na kichwa na miguu. Mzee alitazama mpaka akaridhika, akala.

"Wale watano," akasema, "walikuwa wangu wote?"

"Wote, baba. Siku ile sikumuuzia mutu mwingine."

"Ungesema. Mimi nilifikiri umenikusanyia vya wateja."

"Nilitaka unisifu, baba. Nikasahau kukueleza."

Mzee akafuta vidole. "Wewe ni fundi. Tuma wazee wako."

Soraya alikuwa amesimama mlangoni. Lukumani alimgeukia, akaona mtandio mweupe na macho yaliyokuwa bado makali.

"Waje wiki hii, Mwalimu Wangu?"

"Waje kabla mvua haijaharibu barabara."

"Na siku ya harusi nitachoma kuku mia moja."

"Hutachoma hata mumoja," Soraya akasema. "Siku hiyo utakaa chini, na mimi nitakupakulia."