Sauti Iliyouliza "Futa?"

Balaa la Zuena lilianzia kwenye tambara la kufutia vumbi. Ilikuwa mwaka tisini na tisa, Chang'ombe, kwenye kiofisi cha kuchapa barua alichofungua na mumewe Nassibu baada ya Nassibu kupunguzwa kazi kiwandani. Kompyuta yao ilikuwa ya mtumba. Asubuhi hiyo Zuena alipitisha tambara juu ya vitufe, na mashine ikaanza kusema. Sauti kavu ya kiume, kwa Kizungu, ikisoma neno moja moja lililokuwa kwenye kioo. Zuena alitoka mbio bila viatu.

Fundi Jamali alikuja, akacheka.

"Siyo jini, dada. Mwenyewe wa kwanza alikuwa kipofu, hii programu ndiyo ilikuwa inamsomea. Umebonyeza vitufe viwili kwa pamoja, ikaamka." Akaifuta programu, akachomoa spika, akaondoka nazo. "Ikiwauliza swali lolote, nyie bonyezeni enta tu."

Siku tatu kimya. Ya nne, adhuhuri, wote wawili wako ofisini, umeme umekatika, chumba kikanuka udi na hakuna aliyefukiza. Kisha sauti ileile ikarudi, sasa kwa Kiswahili safi cha pwani, na haikusoma kioo, maana kioo kilikuwa cheusi tii, ilisoma chumba chenyewe, taratibu, kama mtu anayepapasa vitu gizani kwa vidole baridi na kuvitaja kimoja kimoja.

"Dirisha. Kalenda. Mwanamke. Mtoto, wiki tisa."

Zuena alishika tumbo. Mimba tatu zilikwishamtoka. Hii ya nne alikuwa hajamwambia mtu, hata mumewe, akiogopa husuda.

"Mtoto. Futa?"

"Usiguse, Nassibu," alinong'ona. "Nakuomba, usiguse kitu."

"Fundi si kasema enta?" Nassibu alisema, akabonyeza.

"Imefutwa."

Zuena akahisi umoto ukimchuruzika mapajani.

Alilazwa siku mbili. Wodini, akijifanya amelala, alimsikia Nassibu akimwambia dada yake, "Tumbo lenyewe bovu hilo. Mie nitatafuta lingine."

Aliporudi, Mwalimu Hija, mganga wa vitabu aliyeitwa na Nassibu, alikuwa ameshasoma dua ofisini, amenyunyiza maji ya kombe pembe zote nne, ameapa kwamba aliyekuwamo ametoka. Nassibu aliwasha mashine kumwonyesha mkewe. Mashine haikuwaka, ila harufu ya udi ilijaa hadi macho yakawawasha.

"Mwanamume," ikasema sauti. "Futa?"

Nassibu alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga ukuta. Mlango ulikuwa upande wa pili, nyuma ya Zuena, na Zuena ndiye aliyekuwa karibu na meza.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya chini, kana kwamba mashine isingemsikia. "Mie sikujua. Wallahi sikujua kama una mimba. Njoo tutoke, mama, taratibu, usiiguse."

Zuena alijua kwamba hakujua. Alimtazama muda mrefu, jasho likimtiririka mumewe kidevuni, midomo ikitafuta aya na kuikosa.

Akabonyeza enta.

"Imefutwa."

Nassibu aliteleza ukutani mpaka chini, macho wazi, pumzi hakuna.

"Mwanamke," sauti ikasoma kwa upole. "Peke yake."

Zuena akavuta kiti, akakaa, akaisikiliza.