Ngoma Iliyochelewa

Nyumbani kwetu Tulungagung, asubuhi huanza kwa kelele. Mimi, Sulastri, hukaanga tempe, vipande vya soya iliyochachushwa, huku nikiimba. Mume wangu, Gunadi, hupiga ngoma kwa vidole. Ngoma yenyewe imo ndani ya kompyuta. Akibonyeza kinanda, kompyuta hutoa mlio wa ngoma. Mlio hupita kwenye kisanduku cha sauti, kisha hutoka kwenye spika. Kwa kazi hiyo tunaitwa kwenye harusi.

Wiki ile tulikuwa tunajiandaa kwa harusi ya binamu yangu. Baba mkubwa Sukarjo akaja kutusikiliza. Hata ubeti haujaisha, akainua mkono.

"Lastri, unakimbia! Unaiacha ngoma nyuma. Jumamosi ataimba mwingine."

"Mwingine nani? Harusi ya ndugu yangu, niimbiwe na mgeni?"

"Sikio lako limechoka, mwanangu. Kubali tu."

"Sikubali ng'o!"

Nikamgeukia Gunadi. "Na wewe umekuwa bubu?"

Akatazama sakafu. "Labda unakimbia kidogo, mama."

Lo! Hilo liliniuma kuliko maneno ya baba mkubwa. Nilitoka na mwiko mkononi, moja kwa moja hadi kwa jirani yetu, Bi Retno. Yeye hurekodi vipindi vya redio ya mtaa. Alikuja na kikombe chake cha kahawa.

"Imba bila ngoma," akaniambia. "Piga makofi."

Nikaimba. Akatikisa kichwa. "Huyu hakimbii hata kidogo. Gunadi, bonyeza kinanda kwa nguvu. Mara moja tu."

Kidole kikagonga: tak. Kisha spika ikalia: dum.

"Mmesikia? Tak kwanza, dum baadaye. Ngoma ndiyo inayochelewa."

"Ndiyo maana!" nikasema. "Mimi huimba nikitazama mikono ya mpiga ngoma. Mama yangu alinifundisha hivyo."

Bi Retno akafungua mipangilio ya kisanduku cha sauti. "Kompyuta haitoi sauti tone kwa tone," akaeleza. "Huijaza kwanza kwenye ndoo, ndipo huimwaga. Ndoo hiyo huitwa bafa. Namba hii ndiyo ukubwa wake. Ndoo kubwa huchelewa kujaa. Nani aliweka 2048?"

Gunadi akajikuna kichwa. "Mimi. Ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Mtaa huu, mtu mwenye spika ndogo anachekwa!"

"Spika sawa, iwe kubwa kama nyumba. Ndoo, hapana!"

Akashusha hadi 64. Gunadi akabonyeza. Ngoma ikawahi, lakini ikakwaruza kama tempe kwenye mafuta ya moto.

"Sasa ndoo ni ndogo mno," Bi Retno akasema. "Kompyuta haiwahi kuijaza. Na hizi video ulizofungua zote za nini? Funga. Zinaichosha."

Gunadi akafunga. Bi Retno akapandisha hadi 128. Mikwaruzo ikaisha. Tak na dum zikawa kitu kimoja.

"Ikikwaruza tena, panda hadi 256. Panda mpaka mikwaruzo iishe, kisha simama hapo hapo."

Gunadi akanitazama. "Nisamehe, mke wangu."

"Utakaanga tempe mwezi mzima," nikamjibu.

Jumamosi sikungoja kuitwa. Nilipanda jukwaani na kushika kipaza sauti. Baba mkubwa alinyanyuka kunizuia. Ngoma ikaanza, nikaanza nayo. Watu wakajaa uwanjani wakicheza. Baba mkubwa alisimama kidogo, kisha mabega yake nayo yakaanza kucheza.

Wimbo ulipokwisha akanisogelea. "Mmenunua kompyuta mpya?"

"Ni ile ile. Tumepunguza namba tu." Kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, uwanja mzima unasikia. "Sasa sema, baba mkubwa. Nani alikuwa hafuati mapigo?"

Watu wakamgeukia baba mkubwa. Akakohoa, akatazama spika, akanitazama mimi.

"Ngoma," akasema. "Wewe ulikuwa sawa, mwanangu."

Nikaanza wimbo wa pili.